UZI: Kujenga T-72M1 ya skeli 1/35, Iraki 1991, kuanzia fremu mpaka vumbi

#1 Mzee wa Msasa

Wakuu, salaam. Kifaru cha uzi huu ni T-72M1, boksi ya Tamiya namba 35160, kitapakwa kama cha Walinzi wa Jamhuri wa Iraki, Februari 1991. Vipande vyake ni vichache na vinakaana vizuri. Anayetaka undani zaidi akachukue boksi mpya ya Amusing Hobby, ila ajiandae na minyororo ya kuunganisha pingili kwa pingili.

Kabla ya kushika koleo, shika picha. T-72M1 ni toleo la kuuza nje la T-72A. Bamba la mbele la bodi lina bamba la ziada la mm 16 lililochomelewa juu yake, na mashavu ya tareti (kile kichwa kinachozunguka chenye mzinga) ni manene kuliko ya T-72M. Taa ya Luna iko kulia kwa mzinga ukitazama toka ndani. Kwenye T-72 za mwanzo kabisa ilikuwa kushoto. Mtu akichanganya sehemu za matoleo mawili, hakuna rangi itakayomficha.

Vipimo vya kukagulia kazi, vikiwa vimeshagawanywa kwa 35:

Upana wa kifaru m 3.59, kwenye modeli mm 102.6. Urefu na mtutu mbele m 9.53, yaani mm 272. Kimo mpaka juu ya tareti m 2.23, yaani mm 63.7. Gurudumu mm 750, unapata mm 21.4. Upana wa mnyororo mm 580, unapata mm 16.6. Tundu la mzinga mm 125, unapata mm 3.6.

Lile bamba la mm 16 linakuwa mm 0.46, kwa hiyo kama boksi yako ni ya T-72M na unaipandisha kuwa M1, kadi ya plastiki ya mm 0.5 inatosha. Zungusha kingo zake kwa alama ya mchomeleo.

Hatua ya kwanza: osha fremu zote (vijiti vya plastiki vinavyoshikilia vipande) kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, suuza, acha zikauke zenyewe. Mafuta ya kiwandani yakibaki, rangi itaachia kwenye kona, na utaliona hilo siku ya kubandua masking tepu, si kabla.

#2 Kibano

Nimekaa siti ya mbele mkuu. Swali moja: gundi gani? Huku madukani kuna supa gluu tu.

#3 Mzee wa Msasa

@Kibano supa gluu ni ya chuma, shaba na rezini. Plastiki kwa plastiki inahitaji gundi inayoyeyusha, mfano Tamiya Extra Thin ile ya kifuniko cha kijani. Bana vipande viwili vikiwa vikavu, gusisha brashi kwenye mshono, gundi inaingia yenyewe. Kisha bonyeza taratibu mpaka ute mdogo wa plastiki utokeze. Ute ule ndio puti yako: uache usiku kucha, ukwangue kwa wembe, umalizie kwa msasa namba 400, 800 na 1000 wa maji. Msasa wa hadweya wa mafundi wa kunyoosha magari unafaa kabisa.

Usisage mapema. Mshono wa gundi unaendelea kunywea kwa siku moja au mbili. Ukiusaga baada ya saa moja utakuwa bapa leo, keshokutwa una mfereji.

#4 Mzee wa Msasa

Sehemu ya pili, na hapa ndipo T-72 nyingi huharibika: miguu.

Kila upande una magurudumu 6, rola 3 za juu, spoketi (gurudumu la meno linalovuta mnyororo) nyuma, na gurudumu la kukazia mbele. Mikono ya magurudumu ndiyo inayoamua kama kifaru kitakaa chini au kitaning'inia gurudumu moja. Tundu la mkono lina nafasi kidogo, na nafasi ya nusu milimita kwenye tundu ni zaidi ya milimita moja kwenye ncha. Fanya hivi:

Gundisha mikono yote sita ya upande mmoja kwa gundi nzito ya kawaida, siyo ile nyembamba, upate dakika kama kumi za kurekebisha. Weka rula ya chuma juu ya ncha za ekseli, zote ziguse rula. Geuza bodi, vika magurudumu bila gundi, simamisha juu ya kioo. Pitisha kipande cha karatasi chini ya kila gurudumu. Karatasi ikipita bila kukwama, mkono huo umepanda. Usukume chini, uache, rudia upande wa pili. Halafu usiuguse mpaka kesho yake.

Vifyonza mtikisiko viko kwenye gurudumu la 1, la 2 na la 6 tu. Nimeona modeli nzuri sana zenye vifyonza sita kila upande. Hiyo ni zawadi ambayo kiwanda cha Nizhny Tagil, kilichounda T-72, hakikuitoa.

Magurudumu yapakwe yakiwa nje. Mpira wake si mweusi wa kiatu. Nyeusi iliyofifia ya Tamiya, XF-85 au XF-69, inatosha, tena itafunikwa na vumbi.

#5 Chuma Chakavu

Mzee naongezea hapo kwenye mikono. Hiyo hiyo mikono ndiyo inayopasuka wakati wa kuosha, yaani kupitisha rangi ya enameli iliyolegezwa sana ili ijae kwenye mishono. Waiti spiriti ikiingia kwenye plastiki iliyo uchi na iliyo kwenye mkazo, inaikata kama biskuti. Ukisikia "tak" usiku, ni ekseli hiyo. Dawa ni tatu: usilazimishe ekseli iliyobana kwenye gurudumu (panua tundu kwa drili ya mkono), praima ifike mpaka nyuma ya magurudumu, na usimwage waiti spiriti kama unafua nguo. Brashi iwe na unyevu tu.

#6 Pwani_Modeli

Minyororo je? Ya boksi hii ni ya mpira, mkanda mmoja. Naiacha au naibadilisha?

#7 Chuma Chakavu

@Pwani_Modeli inategemea unavyoipenda kazi. Mkanda wa mpira una matatizo matatu.

La kwanza, haulegei. Mnyororo wa kweli wa T-72 ni wa chuma, unalala kwa uzito wake juu ya rola tatu na kushuka kidogo katikati yake. Mpira unanyooka kama kamba ya kuanikia nguo. Tiba: toboa pembeni ya bodi, juu kidogo ya mnyororo, katikati ya kila rola mbili, pitisha vipande vya waya wa mm 0.5 vinavyoukandamiza mnyororo chini. Sketi (mabamba yanayoning'inia ubavuni juu ya mnyororo) na madigadi vitaficha waya.

La pili, rangi inabanduka ukiukunja. Paka ukiwa umeshaviringishwa kwenye kopo lenye mduara mpana, na uvike kwa upole.

La tatu ni la polepole. Baadhi ya mikanda ya mpira ina mafuta ya kulainishia yanayohamia kwenye plastiki ya gurudumu na kuiyeyusha. Miaka inapita, unaikuta imezama ndani ya gurudumu. Mpira usikutane na plastiki uchi. Rangi na vanishi ziwe katikati.

Ukibadilisha, nunua pingili za aina ya zamani ya pini moja, maana aina ya pini mbili ilikuja na vifaru vya baadaye. Umbali wa pini hadi pini ni mm 137, kwenye modeli mm 3.9. Hesabu pingili 96 kila upande, lakini usizigundishe kwa namba ya karatasi. Unganisha 90 kwanza, zungushia, ndipo uone zinahitajika ngapi.

Pingili za plastiki: zipange mstari mmoja juu ya masking tepu, gundi ya kawaida kwenye maungio, subiri kama nusu saa. Zikiwa zimeshikana lakini bado zinapinda, zungushia kwenye magurudumu, sokomeza vipande vya sponji kati ya mnyororo na madigadi ili vikandamize, acha usiku mzima. Ukichelewa zinakatika, ukiwahi zinaachana. Jaribu na pingili kumi za ziada kwanza.

#8 Binti Kalipa

Nitie neno kuhusu tareti kabla Mzee hajaruka. Tareti ya T-72M1 ni chuma cha kumimina kwenye kalibu, bodi ni mabamba ya kuchomelea. Kwa hiyo tareti ina ngozi ya chungwa, bamba la mbele ni laini. Watu hupaka mkwaruzo kila mahali, kifaru kinakuwa kama andazi.

Ngozi ya tareti: Mr. Surfacer 500 (praima nzito), au puti ya Tamiya iliyolegezwa kwa Extra Thin mpaka iwe kama uji mwepesi. Paka eneo la sm 2 kwa 2, gongagonga na brashi kuukuu iliyokatwa nywele fupi, hamia eneo jingine. Ikikauka, pitisha msasa namba 600 mara mbili tatu kuondoa ncha. Skeli ni 1/35: ukiona vipele ukiwa mbali kwa urefu wa mkono, vimezidi.

Mchomeleo: yeyusha fremu juu ya mshumaa, ivute iwe uzi wa mm 0.4, ulaze kwenye mshono, lowesha kwa Extra Thin, subiri dakika mbili, kisha bonyeza kwa ncha ya wembe mstari baada ya mstari ukiwa umeulaza kidogo. Hatua ndogo sawasawa. Milliput (puti ya kukanda) nayo inafanya kazi hiyo, ila inadai vidole vyenye maji muda wote.

Mtutu ukiwa wa nusu mbili, mshono unapita juu ya mikanda ya kifuniko cha joto. Msasa utaila mikanda. Saga kati ya mikanda kwa kipande chembamba cha msasa kilichogundishwa kwenye kijiti cha barafu, kisha mikanda iliyopotea irudishe kwa vipande vya masking tepu vya mm 0.5. Mtutu wa alumini unakuondolea kazi yote hii, na kama kuna kitu kimoja tu cha kuongeza nje ya boksi, basi kiwe hicho.

Mengine ya tareti: mirija ya moshi 12, mbele pande mbili. Kamanda anakaa kulia, mpiga mzinga kushoto. Rashasha ya NSVT ya mm 12.7 iko kwenye kibanda cha kamanda, na ikiwa haitumiki huelekezwa nyuma. Nyuma ya tareti kuna kifuniko kidogo cha kutupia vitako vya ganda la risasi ya mzinga, kwa sababu T-72 inajipakia yenyewe. Watu wanakiziba na mizigo bila kujua. Mzigo pale maana yake vitako havitoki.

#9 Kibano

Dah, hicho kifuniko sikukijua. Na vipande vya shaba nyembamba vya matundu ya injini? Supa gluu imenizibia matundu yote.

#10 Binti Kalipa

@Kibano wavu hauhitaji supa gluu. Tumia gundi nyeupe ya mbao yenye maji kidogo, au vanishi ya kung'aa. Ikiziba tundu, unaisukuma kwa ncha ya brashi yenye maji.

Shaba ya kukunja ipashe moto kwanza juu ya mshumaa mpaka ibadilike rangi, iache ipoe yenyewe. Inalainika na haitarudi nyuma ukiikunja. Kata juu ya kigae au kioo, siyo juu ya mkeka laini, maana mkeka unabonyea na shaba inajikunja kabla kisu hakijapita.

Na usiagize shaba kwa kila kitu. Madigadi yaliyopinda kata kwenye kopo la soda la alumini. Unene wake wa mm 0.1 ni sawa na mm 3.5 kwenye kifaru halisi, wakati madigadi ya plastiki ya boksi yana unene wa bamba la silaha. Kamba za kuvutia gari: nyuzi za shaba za ndani ya waya wa chaja iliyokufa, sokota pamoja kwa drili. Nyaya za taa: risasi ya kuchomelea ya mm 0.5.

#11 Mzee wa Msasa

Ahsante Binti, umenipunguzia mzigo. Tuingie rangi.

Praima ya kijivu kwanza, siyo kwa mapenzi ya kijivu bali kwa sababu inaonyesha mishono iliyobaki. Rekebisha, paka tena.

Mpango wangu: kijani chini, mchanga juu, spreyi ya nywele katikati. Kijani changu ni XF-58 ya Tamiya, nimeichanganya na thina ya laka ili ishike kwelikweli. Eabrashi (bunduki ndogo ya kupulizia rangi) ya mm 0.3, presha bar 1 hadi 1.2, rangi na thina nusu kwa nusu. Iache saa 24, ifunike kwa vanishi ya laka.

Kisha spreyi ya nywele, ile ya bei rahisi ya saluni. Pitisha mara mbili nyepesi toka sm 25, acha dakika 20. Ukimwaga nyingi, rangi ya juu itapasuka kama tope la bwawa lililokauka.

Mchanga: XF-57 mara tatu, XF-59 mara moja. Hapa chonde: tumia X-20A (thina ya akriliki ya Tamiya) au maji, usitumie thina ya laka. Thina ya laka inaifanya rangi iume na spreyi haitaachia hata ukisugua mpaka alfajiri. Paka tabaka nyembamba, kijani kidogo kionekane kwenye kona. Baada ya nusu saa lowesha eneo dogo kwa maji ya uvuguvugu, subiri sekunde 30, kisha choma kwa brashi ngumu iliyokatwa fupi. Vuta kule watu wanakokanyaga: vifuniko, ukingo wa madigadi, njia ya dereva kuingilia. Usipitilize siku hiyo hiyo. Rangi ikikomaa haitoki tena kirahisi.

Ukimaliza funga kila kitu kwa vanishi, la sivyo maji ya stika yatachokonoa spreyi iliyobaki chini.

#12 Pwani_Modeli

Mzee, kwa unyevu wa huku Tanga na Mombasa vanishi ya laka inatoka na ukungu mweupe. Na spreyi ya nywele haikauki, inabaki inanata.

#13 Chuma Chakavu

Ukungu ule ni maji ya hewani yanayonasa kwenye laka inayokauka haraka. Usipake mvua ikinyesha wala usiku wa manane. Ongeza thina inayokauka taratibu, na weka kichujio cha maji karibu na mkono wako, siyo kwenye kompresa tu, maana hewa inapoa ndani ya bomba na maji yanaundwa hukohuko. Ukungu ukishatokea, pitisha thina tupu kwa mbali sana. Mara nyingi laka inafunguka na unyevu unatoka. Spreyi ya nywele isaidie kwa mashine ya nywele, joto la chini, sm 30.

Ila Mzee, nakupinga kidogo kwenye kubandua. Jangwani rangi hupauka na kuchubuliwa na mchanga zaidi kuliko kubanduka vipande vikubwa. Kifaru si meli. Vidoa vikizidi ukucha wa mtoto kwa skeli, tayari umeunda skrepa.

#14 Mzee wa Msasa

@Chuma Chakavu nakubali nusu. Pembe za juu ziwe na vidoa vidogo, ubavu wa tareti usiguswe. Lakini kwa modeli isiyo na bendera wala maandishi mengi, bila kijani kidogo cha chini unabaki na tofali la rangi moja.

Kupausha tumia rangi za mafuta za wachoraji: nyeupe, njano ya udongo, kahawia. Zikamue juu ya kadibodi, ziache saa moja ili kadibodi inywe mafuta, ndipo zikauke bila kung'aa. Weka nukta ndogo ndogo kwenye bamba, kisha vuta kwenda chini kwa brashi pana yenye unyevu wa waiti spiriti. Mabamba ya juu yapate nyeupe zaidi, ya ubavuni kahawia zaidi.

Kuosha mishono: kahawia iliyokolea, siyo nyeusi. Mchanga na nyeusi havipatani, inageuka katuni.

#15 Kibano

Masizi ya moshi naweka pande zote mbili nyuma?

#16 Binti Kalipa

Hapana! T-72 inapumulia upande mmoja, kushoto, juu ya madigadi kuelekea nyuma. Weka masizi hapo, yafifie kuelekea nyuma na chini kwenye sketi. Kulia pabaki pasafi. Anza na kahawia ya kutu kwenye mdomo wa bomba, nyeusi juu yake, na kidogo ya kijivu pembeni.

Nyuma kuna mapipa mawili ya mafuta na gogo la kujinasulia. Gogo lipake kama mti uliokaushwa na jua, kijivu, siyo kahawia ya samani. Mapipa yakijaa huvuja kwenye mifuniko: rangi ya mafuta nyeusi na vanishi ya kung'aa, mchirizi mmoja au miwili.

#17 Pwani_Modeli

Wakuu, nikitaka ya Afrika Mashariki badala ya Iraki? Nakumbuka zile za meli.

#18 Chuma Chakavu

MV Faina. Ilitekwa na maharamia wa Kisomali tarehe 25 Septemba 2008 ikiwa na vifaru 33 vya T-72, ikaachiliwa Februari 2009 na kufika Mombasa. Kiserikali mzigo ulikuwa wa Kenya, ingawa nyaraka za kidiplomasia za Marekani zilizovuja zilionyesha safari yake ilikuwa Sudan Kusini. Kimodeli ni mada tamu: kifaru cha kijani kimetoka melini, vumbi halijakipata, kwa hiyo hakuna pa kuficha mshono. Ila tafuta picha ya kifaru kimoja halisi, uhesabu mirija ya moshi na uangalie kama kina matofali ya kulipuka (yale ya kinga yanayobandikwa nje), kisha ndipo uchague boksi.

Na udongo ubadilike. Tope la udongo mweusi wa mfinyanzi linashika mnyororo kama saruji, hujaza kati ya meno na kukauka kijivu. Usipake poda nyekundu ya Tsavo juu ya kila kitu kwa sababu tu ni Afrika.

#19 Mzee wa Msasa

Sasa vumbi la Iraki. Poda ya rangi ya mchanga uliopauka, ichanganye na waiti spiriti iwe kama chai ya maziwa, iguse kwenye kona, ikauke, kisha toa ziada kwa pamba kavu. Sketi na nusu ya chini ya magurudumu zipate nyingi, kitovu cha gurudumu kidogo kwa sababu grisi inavuja pale. Juu ya tareti vumbi likae kwenye mashimo tu.

Poda ikilowa inaonekana imekolea, ikikauka inapauka maradufu. Simama mapema.

#20 Kibano

La mwisho kwangu: minyororo naipaka fedha?

#21 Binti Kalipa

Si yote. Msingi kahawia iliyokolea yenye kijivu, vumbi juu, kisha sugua kwa penseli ya grafaiti laini: sehemu za nje zinazogusa ardhi, na meno ya ndani pale gurudumu linapopita. Spoketi ing'ae kwenye ubavu wa meno tu. Matundu ya pingili yabaki na vumbi. Ukiona mnyororo wako unang'aa kuliko kijiko, pitisha poda tena.